Nilipoiogopa Ardhi

Kama umekaa kwenye lile benchi refu la mbao nje ya chumba cha mazoezi, mgongo ukutani na magongo mawili mapajani, ukisubiri jina lako liitwe, basi haya ni yako. Mimi nilikaa pale kiangazi kizima na vuli yake. Wakati ule sikuandika kitu, kwa sababu sikuwa na la kumwambia mtu isipokuwa malalamiko, na malalamiko pale bencheni hayakuwa haba. Sasa naweza. Sitakueleza ugonjwa unavyofanya kazi ndani ya mwili. Daktari alinieleza mara mbili, nami mara zote mbili nilikuwa nawatazama nzi dirishani. Nitakueleza jinsi ya kushuka kwenye mashine ukakimbia tena chini, kwenye udongo, bila kujiumiza. Na nitakueleza jinsi nilivyouogopa udongo wenyewe, maana hakuna aliyeniambia kwamba hofu hiyo nayo ni sehemu ya kuugua.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Ifakara, mwalimu wa michezo, yule mwenye filimbi shingoni ambaye walimu wenzake humwona hana kazi. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu. Mwishoni mwa masika niliharisha siku chache, nikapona, nikasahau. Kisha asubuhi moja nilitoka kwenda msalani nimevaa ndala, na niliporudi Mama akaniuliza mbona nimevaa mguu mmoja. Ndala nyingine ilikuwa imebaki mlangoni. Sikuwa nimehisi kwamba imevuka, wala sikuwa nimehisi umande. Ganzi ilipanda kama maji yanavyopanda kwenye jaruba la mpunga: vidole, vifundo, magoti. Siku ya kupelekwa hospitali kaka yangu Gotfrid alinibeba mgongoni, na miguu yangu ilining'inia ikimgonga mapajani kama mali ya mtu mwingine.

Siku zile mbaya kabisa, ambazo hata pumzi ilikuwa ya kuombea, sizikumbuki vizuri na sitaki. Nakumbuka yaliyofuata. Nakumbuka Mama akinigeuza kila mara nisichubuke mgongo. Nakumbuka siku nilipojifunua nikaona mapaja yangu yamekuwa membamba kuliko magoti, nikajifunika haraka kana kwamba nimemchungulia mtu bafuni. Nakumbuka pia mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja wa kijiji cha Kisawasawa aliyekuwa na jipu kubwa, ambaye kila alfajiri alinyoosha mkono akanishika kidole gumba cha mguu na kuuliza, "Leo je?" Nikajibu, "Bado." Alfajiri moja nikasema, "Subiri, rudia." Alipiga kelele wodi nzima ikaamka.

Ndipo Shangazi Prisila akaja kwa treni kutoka kijiji cha Mbingu. Ni dada wa marehemu baba yangu, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usiofungika. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaibonyeza miguu yangu, akatikisa kichwa.

"Editha, wewe umekanyaga kitu."

"Nimekanyaga nini, Shangazi?"

"Kingeonekana kisingeitwa kitu."

Akamgeukia Mama, akataja jina: Bibi Longina. Huyu ni mjane, jirani yetu wa Lipangalala. Ua wake na wetu umetenganishwa na kichochoro tu, na hata shambani mpunga wake unapakana na wetu. Mwaka ule yeye na Mama walikuwa wamevutana kidogo kuhusu mpaka wa jaruba, wakapatana. Mimi nilizoea kukatiza uani kwake asubuhi nikienda shuleni, na asubuhi zote hizo alikuwa anafagia. Kwa Shangazi hilo lilitosha.

"Kikulacho ki nguoni mwako, wifi," alisema. "Nani mwingine anajua unapoweka mguu mtoto huyu?"

Kwetu bondeni, neno kama hilo likishatamkwa halirudi mdomoni. Hutafuta njia, na njia yenyewe ni kunyolewa. Yupo mganga ng'ambo ya mto ambako watu hupelekwa, anayeshutumu na anayeshutumiwa pamoja. Wote hunyolewa nywele, wote hunyweshwa dawa, na husemwa kwamba mchawi akishanyolewa mkono wake unakufa, na asiye mchawi hadhuriki. Hayo husemwa na waliowapeleka wenzao. Waliopelekwa hurudi wamejitanda kanga mpaka kwenye nyusi, na watoto wa mtaa huacha kuomba maji nyumbani kwao.

Mama alivuta shuka akaifunika miguu yangu. Bibi Longina ndiye aliyemzalisha alipojifungua Gotfrid, mvua ikiwa imekata njia ya hospitali. Mwishowe akasema, "Tuisubiri miguu. Ikirudi yenyewe, hapana neno la kumpeleka mtu. Isiporudi, nitakusikiliza."

Kwa hiyo ujue nilivyoingia chumba cha mazoezi. Wewe labda unaingia na miguu yako miwili tu. Mimi niliingia na kichwa cha bibi wa watu.

Chumba kile kilikuwa chini ya Sista Gaudensia, mtawa mwenye asili ya Mahenge, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyezoea kusonga ugali wa sherehe. Alinianzishia kitandani, kisha kwenye nguzo mbili za kujishikilia, kisha magongo, kisha bila magongo. Mguu wa kulia ulikuwa mkaidi. Vidole viliinama badala ya kuinuka, nikawa naukokota na kuupiga sakafuni. Nilipoweza kuvuka chumba bila kushika kitu, Sista akafunua turubai pembeni.

"Karibu kwenye mkanda," alisema.

Ilikuwa mashine ya kukimbilia. Daktari mmoja mzungu aliyekuwa hapendi tope ndiye aliyeileta, na alipomaliza mkataba wake akaiacha. Unasimama juu ya mkanda mweusi wa mpira, unashika vyuma, umeme unawashwa, na mkanda unaanza kukimbilia nyuma. Wewe unakwenda mbele na bado upo palepale. Mbele yangu palikuwa na ukuta wenye doa la unyevu, na mpaka leo nikifumba macho naweza kulichora. Nilianza kwa mwendo wa bibi harusi. Vuli ilipokaribia nilikuwa nakimbia, ndiyo, nakimbia, jasho likinitiririka, na wagonjwa wa bencheni wakichungulia mlangoni.

Niliupenda mkanda ule kuliko inavyofaa kupenda kitu cha chuma. Sababu niliijua, ila sikumwambia mtu: juu ya mkanda hakuna awezaye kukutegea kitu. Hakuna kichochoro, hakuna uwanja uliofagiliwa. Nilikuwa Mkristo niliyebatizwa na kupata kipaimara, nikamcheka Shangazi mbele ya Gotfrid, na kwa kichwa changu sikuamini hata chembe. Lakini nikishuka pale na kutoka nje, nyayo zilijikunja zenyewe. Kichwa hakikuamini, nyayo ziliamini.

Siku moja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kukimbia. Mkanda ulikwama ghafla, nikarushwa kifua mpaka kwenye vyuma, na chumba kikawa kimya hata nikasikia matone ya bomba. Katika ule ukimya nilisikia hatua moja zaidi. Pa. Nyuma yangu, baada ya mimi kuwa nimekwisha kusimama. Nikageuka, hapakuwa na mtu. Sista alikuwa upande wa pili, anahangaika na swichi.

"Sista, nani amepita?"

"Amepita wapi? Shuka polepole, kizunguzungu hicho."

Nilishuka na nywele za mikono zimesimama.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huumia. Nilitoka mkandani nikijiona mzima. Sista alinionya, "Editha, mashine inakubeba. Inakuvutia mguu nyuma, wewe kazi yako ni kuuinua tu. Ardhi haikubebi. Ardhi inakungoja uisukume. Anza upya kama mtoto." Kwangu yakaingia sikio hili yakatokea lile. Wiki ya kwanza kabisa nilichukua mwendo uleule wa mkanda, kwa muda uleule, nikaupeleka barabarani, kwenye ardhi iliyokauka kama kigae kabla mvua hazijashika. Tena nilizunguka njia ndefu, mbali na kichochoro. Siku ya nne ugoko wa mguu wa kulia uliwaka moto. Siku ya tano ulivimba, ukang'aa, nikarudi nyumbani nikiruka kwa mguu mmoja.

Shangazi alikuwepo, amekuja kwa ajili ya sikukuu. Aliutazama ule uvimbe, akautazama ua wa pili ambako Bibi Longina alikuwa anaanika mpunga, na akasema kwa sauti ya kusikika, "Ameongeza."

"Shangazi, nimekimbia kupita kiasi! Ni kosa langu mwenyewe!"

"Mgonjwa hajui kinachomuuma. Akianguka tena, wifi, simwulizi mtu. Nampeleka ng'ambo."

Mama aliinuka. Aliingia ndani akafunga mlango. Bibi Longina aliendelea kuanika mpunga wake. Mkono wake haukusita, ila uso aliuelekeza kwangu, na mimi nikauinamisha wangu.

Nilirudi kwa Sista nikichechemea. "Tumsifu Yesu Kristo," nikasema mlangoni.

"Milele, amina. Mwenda pole hajikwai. Ulifundishwa hilo darasa la ngapi?"

"La pili, Sista."

"Basi rudi darasa la pili."

Na nilirudi. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza, nayo yamenifaa hadi leo. Kwanza nilipumzika mpaka nikaweza kuubonyeza ugoko bila kukunja uso. Kisha nikaanza kwa kutembea tu, kwenye nyasi za uwanja wa shule, ambako ni laini lakini hakuna mashimo. Nilipozoea, nikahamia pembeni mwa barabara penye nguzo za umeme: nguzo hadi nguzo nakimbia kidogo, nguzo inayofuata natembea. Sikukimbia siku mbili mfululizo hata roho iliponituma. Hatua nilizifupisha. Mkandani nilikuwa narusha mguu mbele, chini nikajifunza kuushusha karibu na mwili, taratibu, kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Nilitazama mbele, si chini. Na maumivu niliyagawa mara mbili: yale yanayopungua ukishapata joto, hayo unatembea nayo, yale yanayozidi kila unapoendelea, hayo unasimama palepale na kurudi nyumbani, aibu au si aibu. Mvua ikiwa kubwa nilirudi kwenye mkanda na doa langu la ukutani. Mashine si adui. Ni gongo kama magongo mengine, na gongo huachwa kidogo kidogo.

Lakini hofu haina nguzo za umeme. Mwezi ule mvua zilipokolea, Lipangalala ilihama, kama inavyohama kila mwaka. Wenyeji wa huku, msimu wa mpunga ukifika, huziacha nyumba za mjini tukahamia mashambani, tukaishi kwenye madungu, vile vibanda vilivyojengwa juu ya miti mirefu, tukilima, na baadaye tukiamia ndege na nguruwe, yaani kuwafukuza, mpaka mavuno. Mama alikwenda. Shangazi alikwenda kumsaidia, kwa sababu mimi sikuwa wa kukanyaga tope. Bibi Longina naye alifunga mlango wake kwa kamba akaenda. Mimi nilibaki kwa ajili ya mazoezi, na Gotfrid alikuwa akija kwa baiskeli kuniletea chakula na salamu.

Hujawahi kuujua ukimya mpaka ukimbie peke yako asubuhi katika mtaa uliohamwa. Milango imefungwa kwa kamba na vipande vya kanga. Majani yameota kwenye mafiga. Ukungu wa mtoni unaingia kati ya nyumba na kukaa, na kuku aliyesahauliwa anakutazama kutoka kwenye ngazi bila kukimbia. Na mimi nikipita, nguzo hadi nguzo, nilisikia hatua nyuma yangu. Nikikimbia, zinakimbia. Nikisimama, inaongezeka moja. Pa. Kila mara moja tu. Nilijiambia ni mguu wangu wa kulia, unaochelewa na kupiga chini kama kofi. Sista alikuwa amenionyesha jambo hilo kwenye sakafu. Lakini mguu wangu nikiwa nimesimama hauwezi kupiga, au unaweza? Ganzi ilikuwa bado haijatoka yote. Huenda mguu uligusa ardhi mapema, nami nikaletewa habari baadaye. Hata sasa sijui. Kuna asubuhi nilikimbia nikilia, na bado sikuacha, kwa sababu kila nilipotaka kuacha niliona kichwa cha mtu chini ya wembe.

Nilimuuliza Gotfrid kila alipokuja. "Shangazi anasemaje?"

"Yupo. Analima."

"Na lile neno?"

"Neno gani? Kula ugali, unapoa." Kisha aliitazama miguu yangu na kuuliza, "Haijauma tena?" Nikisema haijauma, alipumua kwa nguvu, akapanda baiskeli.

Masika yalipolegea na mpunga kuanza kubeba, nilikuwa naweza kukimbia kutoka nyumbani mpaka mwisho wa mtaa na kurudi bila kutembea. Ugoko ulikuwa kimya. Hapo nikapata wazo, na wazo lenyewe nililipenda sana. Nitakwenda shambani kwa kukimbia. Kwa miguu ni mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu anayezubaa njiani, lakini tuta lenye njia ni zuri, udongo wake umekaza na bado una unyevu. Nitatokea mbele ya Shangazi nimesimama kwa miguu yangu, sichechemei, wala sikushuka kwenye baiskeli ya mtu. Na hapo neno la kumpeleka Bibi Longina litakosa pa kukaa. Nilijiandaa kwa siku kadhaa, nikaipita njia vipande vipande mpaka daraja la magogo, kabla ya madungu kuanza, ili mguu uijue. Sikumwambia Gotfrid.

Niliondoka kulipopambazuka. Ukungu ulikuwa mzito hata mpunga wa kulia na kushoto sikuuona, niliusikia tu ukisuguana. Nilijiwekea mwendo wa chini, ule wa kuweza kusali rozari bila kuhema. Nikapita daraja la magogo. Halafu nikaanza kusikia sauti juu. Watu walikuwa wameamka kwenye madungu kuamia ndege, nami siwaoni, wala miti inayowabeba siioni. Sauti tupu zinaning'inia angani: "Hoooo! Haaa!" na madebe yakigongwa, na mtoto mahali fulani akiimba wimbo usio na maneno. Nywele zilinisisimka, lakini nikafurahi pia, kwa sababu zile sauti zilifunika hatua za nyuma yangu.

Kisha nikatambua kwamba zinanyamaza. Nikilipita dungu moja, debe lake linakoma. Nikilipita la pili, sauti yake inakatika katikati ya "Hooo." Mbele yangu makelele, nyuma yangu kimya, na kimya kinanifuata kwa mwendo wangu. Niliongeza mwendo kidogo, kosa ambalo wewe usilifanye. Ndipo mbali huko nyuma, mwanamke mmoja akaanza kulia. Hakikuwa kile kilio cha mtu aliyepigwa. Kilikuwa kikubwa, kirefu, cha kuvuta, kile kinachoanza juu na kushuka. Mwingine akadakia. Wa tatu akadakia, karibu zaidi. Kilio cha msiba kilikuwa kinakuja kwenye tuta nyuma yangu, pamoja na vishindo vya miguu, na safari hii havikuwa vya mguu wangu.

Nani amekufa? Nilijiuliza hivyo, nikiendelea kukimbia kwa sababu sikuthubutu kusimama. Kwa kitambo kifupi, usicheke, nilijiuliza kama ni mimi. Labda ile pumzi ya hospitali haikurudi, na tangu hapo nimekuwa nikikimbia katika mtaa usio na watu. Nilijishika mkono. Ulikuwa na jasho.

Mwalimu wa michezo mzima, nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa bonde analijua. Msimu wa madungu hakuna anayekimbia njia ya shamba. Watu hutembea, huendesha baiskeli, hubeba. Akionekana mtu anakimbia kutoka mjini alfajiri, hana mzigo, hasalimii, huyo ametumwa, na anayetumwa hivyo hubeba habari ya kifo. Wanaomwona hawamuulizi. Huwaacha ndege wale mpunga, wakashuka, wakamfuata mpaka kwenye dungu atakaposimama, ili wajue msiba ni wa nani.

Nami nikasimama penye dungu letu.

Watu wa pale walikuwa wamekwisha kushuka na kujipanga chini. Sauti ya kilio ilikuwa imewafikia kabla yangu. Shangazi Prisila alinirukia, akanishika mabega.

"Nani? Sema, Editha! Nani?"

Sikuwa na pumzi. Niliinua mkono wasubiri, na mkono ule ukawatisha zaidi. Kwetu mwanamke akipokea msiba huvua kitambaa cha kichwa akajifunga kiunoni, na wote walikuwa wamevua. Nilimtazama Shangazi. Nywele zake zilikuwa fupi kabisa, zimeota kidogo tu, kama za mtoto aliyetoka kuugua surua. Nikamtazama Mama nyuma yake. Mama, aliyekuwa na nywele za kusukwa mpaka mabegani, hivyohivyo. Nikawatafuta wengine. Kando, peke yake, ameegemea ngazi ya dungu lake, kanga imeshuka shingoni, alisimama Bibi Longina. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyokijua, na mvi zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua.

Walikuwa wamekwisha kumpeleka.

"Hakuna msiba," nilisema nilipoweza. "Hakuna aliyekufa. Nimekimbia tu."

"Umekimbia tu?"

"Nimekuja kuwaonyesha miguu."

Mama mmoja niliyemleta kwa kilio alinitukana tusi la kweli, nami namsamehe. Mwingine akacheka. Halafu Shangazi akaniachia, akarudi nyuma, akanitazama kuanzia vidoleni mpaka magotini, na akapiga kigelegele.

"Mnaona! Mnaona sasa! Kutoka mjini mpaka huku! Dawa imekubali! Si nilisema?"

Watu waliitazama miguu yangu. Kisha, mmoja mmoja, wakageuka kumtazama Bibi Longina. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kila hatua niliyoipigania, kila nguzo ya umeme, kila siku niliyopumzika kwa utii, imekuwa ushahidi juu yake. Nilisema, nikapiga kelele, ni mazoezi, ni Sista Gaudensia, ni mkanda, muulizeni! "Ndiyo, mwanangu, ndiyo," walinijibu, wakinipigapiga mgongoni, na mmoja akaniletea maji. Nililia kwa hasira mbele yao wote.

Mama alinivuta kando. "Ilikuwa tulipohamia huku, baada ya ule mguu kuvimba," alisema. "Nilimwambia Gotfrid asikuambie. Usimlaumu shangazi yako peke yake. Longina mwenyewe ndiye aliyesema twende."

Nilimwendea pale kwenye ngazi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alichuchumaa, akanibonyeza mashavu ya miguu, moja baada ya jingine, kama anayechagua maboga. "Imekaza."

"Bibi, kwa nini ulikubali?"

"Mama yako alikuwa halali. Shangazi yako halali, tena anatunyima usingizi na sisi wengine." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na wewe ulikuwa unazunguka. Ukitoka asubuhi ulikuwa unaizunguka nyumba yangu kwa mbali. Nilikuwa nakuona. Nikasema, huyu mtoto atakanyagaje chini hivi? Nywele ni nywele. Twende tumalize."

"Mimi sikuamini, Bibi."

"Najua hukuamini. Ulikuwa unaogopa."

Nikamwambia miguu ilirudi kwa mazoezi. Nikamwambia yeye peke yake, polepole, kuhusu doa la ukutani na nguzo na ugoko. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi mimi najua, na wewe unajua," alisema. "Hao wengine wana ndege wa kuamia."

Jua lilipotoka walinipa uji. Wakati wa kuondoka ulipofika, nilianza kurudi kwenye tuta nikitembea. Kutembea kwenyewe kulikuwa kwa makusudi. Sikutaka kumpa Shangazi hatua nyingine hata moja ya kushangilia, wala kumwongezea yule bibi macho ya watu. Nilitembea nikiwaza kwamba labda nisikimbie tena bonde hili, nirudi kwenye mashine, kwenye chumba, ambako mbio zangu hazimhukumu mtu.

Nilikuwa nimefika kwenye ukingo wa jaruba lake niliposikia ile sauti ya kuamia ndege, ile inayovuka mashamba matatu. Niligeuka. Bibi Longina alikuwa amepanda juu ya dungu lake, amesimama wima, kichwa wazi, kanga ameifunga kiunoni, na kila mtu katika uwanda ule aliweza kumwona.

"Editha! Mbona unatembea?"

Niliinua mikono.

"Kimbia!" alipiga kelele. "Nimekunyolea nywele, halafu unatembea? Kimbia!"

Nikakimbia.